Pikipiki Tuliyoinunua Gungu

Mke wangu anauza mawese. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ujiji, na maisha yangu yote nimesafiri kwa miguu au, mvua ikizidi, kwenye siti ya nyuma ya bodaboda. Sijawahi kuendesha chombo chochote chenye injini. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka juzi tulipoamua kununua pikipiki, mtu aliyetegemewa kwenda kuikagua, kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba, nilikuwa mimi.

Mke wangu kwao ni kijijini, Simbo. Amekulia kwenye michikichi, na kaka yake mkubwa, aliyekuwa na pikipiki ya kubebea mikungu ya chikichi, alimfundisha kuendesha akiwa bado anasoma. Tulipooana akaja kukaa mjini, akayaacha hayo. Biashara hakuiacha. Alikuwa akienda Simbo na vijiji vya jirani, ananunua mawese kwa wanawake wanaoyakamua, anayaleta Ujiji katika madumu ya njano, na kila safari anakodi bodaboda kwenda na kurudi.

"Mimi namfanyia kazi mwenye pikipiki," aliniambia jioni moja akijaribu kuondoa rangi ya mawese kwenye kucha zake. "Na sidhani kama anajua."

Basi tukaanza kuweka akiba. Ilituchukua muda kuliko tulivyodhani, kama ilivyo kawaida ya akiba. Pikipiki mpya hatukuifikiria kabisa. Tulijua mfuko wetu. Siku moja mteja aliyekuja kupunguza suruali akaniambia kuna mtu Gungu anauza yake, pikipiki ya Kihindi, nyekundu, bado ina nguvu. Nikamwambia mke wangu, na Jumamosi asubuhi tukaenda.

Mwenye pikipiki alikuwa mtu wa umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa dereva wa bodaboda, na kizibao chake cha kazini kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba pamoja na nguo nyingine. Alikuwa akiishi na mama yake mzazi katika nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, na pikipiki ilikuwa imeegeshwa mbele ya kibaraza, imeoshwa mpaka maji yalikuwa bado yanadondoka chini ya injini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi mama. Karibuni, karibuni sana." Halafu akanigeukia mimi, akanishika mkono, akaniongoza kwenye pikipiki kana kwamba mke wangu amekuja kunisindikiza tu.

Nilifanya nilichoweza. Nikaizunguka, mikono nyuma. Nikabonyeza siti. Siti nilikuwa na la kusema juu yake, maana niliona kifuniko chake kimeshonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa kuvulia samaki, na mshono ulikuwa mzuri. Nikagusa taa. Nikaona kifuniko cha tenki ni kipya, kinang'aa kuliko kitu kingine chochote pale.

"Hiki umebadilisha?"

"Ndiyo mzee. Cha zamani kilipotea na funguo zake. Nikanunua hicho kule Mwanga, sokoni."

Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu anayenunua kifuniko kipya, nilijiambia, huyo anaijali mali yake. Hilo ndilo jambo moja nililolikagua kwa dhati siku ile.

Mke wangu alichuchumaa upande wa pili. Akavuta mnyororo kwa kidole akauachia. Akagonga spoku moja baada ya nyingine na kusikiliza. Akaingiza kidole ndani ya ekzosi, akakitoa, akakitazama, akakipangusa kwenye majani. Akaomba kadi ya pikipiki, akaisoma pande zote mbili. Ilikuwa na jina la yule yule aliyesimama mbele yetu.

"Imewahi kuanguka?" akauliza.

"Mara moja tu mzee, kwenye matope," yule bwana akanijibu mimi. "Haikuumia."

"Oili unabadilisha kila baada ya muda gani?"

"Oili namwaga kila mara, mzee. Sicheleweshi."

Ikawa hivyo. Yeye anauliza, jibu linakuja kwangu, nami ninalipokea kwa heshima na kulinyamazia. Tulipofika kwenye bei akasema milioni moja na laki tatu, na kwamba maelewano yapo.

"Nataka kuijaribu," mke wangu akasema.

Yule bwana akanitazama. "Mzee utaijaribu mwenyewe?"

"Mimi siijui," nikasema. "Anayenunua ni yeye."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajui kama anataniwa. Mke wangu alikuwa tayari amekwishafunga ushungi vizuri na kupandisha gauni. Chini yake alikuwa amevaa suruali niliyomshonea mwenyewe. Akapiga kiki mara moja. Ikawaka, ikanguruma vizuri, hata mimi niliona ni sauti ya afya.

"Azunguke hapa hapa tu," yule bwana akaniambia. "Mpaka pale kwenye shule, arudi."

"Nimesikia," mke wangu akasema, akaingiza gia, akaondoka.

Hakurudi.

Mwanzoni hatukujali. Tuliletewa viti, tukakaa. Tukazungumza habari za mvua, na bei ya dagaa, na jinsi samaki wa migebuka walivyoadimika ziwani mwezi ule. Nikamwambia kuhusu ule mshono wa siti, akafurahi. Kumbe alishona yeye, marehemu baba yake alikuwa mvuvi na alimfundisha kuunga nyavu. Tukaendelea na nyavu. Kila pikipiki iliyopita alinyoosha shingo.

"Mama amekwenda mbali," akasema.

"Atarudi. Mimi si nipo? Ameniacha rehani."

Akacheka, lakini hakurudi kwenye habari za nyavu. Akasimama, akaenda hadi barabarani, akarudi. Akaniuliza kama mke wangu anazijua barabara za upande ule. Nikamwambia anazijua kuliko mimi. Akauliza kama anaweza kuwa amekwenda upande wa Mwandiga, kule kwenye mpando. Nikasema nikimjua mke wangu, akitaka kuijua pikipiki ataitafutia mlima.

Hapo akageuza kiti chake kielekee barabarani.

Mama yake akatoka ndani na viazi vitamu vilivyochemshwa, kwenye sahani ya bati. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kiswahili chenye Kiha ndani yake, laini, cha kuvuta maneno. Akaona pikipiki haipo. Uso wake ukang'aa.

"Leo imefika mbali?" akamuuliza mwanawe. "Haijazima?"

Mwanawe akamwambia jambo kwa Kiha, kwa upole lakini haraka. Mimi ni wa ukoo uliotoka ng'ambo ya ziwa, Kiha changu ni cha salamu na sokoni, sikulishika alilosema. Sikuhitaji. Yule mama aliweka sahani kwenye kigoda, akanikaribisha, akarudi ndani akijifuta mikono kwenye kanga.

Tulikula viazi bila kutazamana. Nilikuwa nafikiria njia ya kuuliza, na kusema kweli nilikuwa nafikiria pia kwamba nisiulize. Kwamba ninyamaze, nimngoje mke wangu, nimnong'oneze njiani. Hiyo ndiyo ingekuwa akili ya mnunuzi. Lakini yule bwana aliweka chini ganda la kiazi chake akasema mwenyewe.

"Mzee, nikwambie ukweli. Ile pikipiki inazima."

"Inazima vipi?"

"Ikitembea sana. Ukiwa hapa hapa, Gungu, Mwanga, haina neno, siku nzima. Ukiipeleka safari ndefu, hasa mpando, inafika mahali inapoteza nguvu, inakohoa, inazima. Hata upige kiki mpaka mguu uume, haiwaki. Ukikaa kidogo, ikipoa, inawaka yenyewe kama hakuna kilichotokea." Alikuwa anatazama barabarani. "Mafundi wawili wameiona. Mmoja alibadilisha plagi. Mwingine akafungua kabureta akasema injini imechoka, inahitaji kufumuliwa yote. Sina hela ya kuifumua. Ndiyo maana nauza."

Nikarudisha kiazi changu sahanini.

"Nilitaka kusema pale mwanzo," akaongeza. "Halafu nikaona mmeipenda. Sasa mama yupo peke yake huko, mtoto wa watu, amezimikiwa mlimani, na mimi nimekaa nakula viazi."

Akasimama aende kutafuta bodaboda ya mwenzake wamfuate. Alikuwa hajafika barabarani tuliposikia injini. Mke wangu alikuja polepole, kutoka upande ule ule wa Mwandiga, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaizima, akaiegesha, akavua ushungi akaukung'uta. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyekwenda kumtembelea jamaa akamkuta anaumwa kidogo.

"Imekuzimikia," yule bwana akasema. Tangu zile salamu, ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye moja kwa moja.

"Kwenye mpando. Nimekaa chini ya mchikichi nikaingoja. Kuna mama alikuwa anauza karanga, tumezungumza sana." Akanitazama, akamtazama yeye, akaona kuna jambo. "Kuna nini?"

"Nimemweleza mzee. Kwamba inazima."

Mke wangu akanigeukia. "Amekueleza?"

"Amenieleza."

"Kabla sijarudi?"

"Kabla."

Akavuta kiti akakaa, akachukua kiazi. Akakila chote polepole. Mimi nilidhani tumemaliza, tunaaga. Nilikwishaanza kuvaa kofia yangu.

"Laki tisa," akasema.

Yule bwana akashtuka, na mimi pia. Wakaanza hapo. Nimezoea kumwona mke wangu akipatana bei na wanunuzi wa mawese, lakini siku ile hakukuwa na kelele wala viapo. Walizungumza kama wauguzi wawili juu ya mgonjwa mmoja. Yule bwana akitaja fremu nzima na mnyororo ambao bado una maisha, mke wangu anataja tairi la nyuma na ule mpando. Kufumua injini ni kiasi gani? Akamtajia alichoambiwa na fundi. Basi hicho kitoke. Yule bwana akasema kikitoka chote atabaki na nini, na bila pikipiki hana kazi mpaka apate nyingine. Mwishowe wakafika laki tisa na nusu, na yule bwana akakubali kwa kuinamisha kichwa tu.

Njiani kurudi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimeshikilia keria kwa mikono yote miwili, na nilikuwa na maswali.

"Umenunua ugonjwa," nikamwambia sikioni.

"Ugonjwa ninaoujua," akajibu bila kugeuka. "Pikipiki nyingine tungeambiwa nzima, na tusingejua kitu. Nitaamka mapema, nitapumzika njiani. Kufumua, tutafumua Mungu akijalia."

Watu wa Ujiji walitutazama tulivyopita, mke mbele na mume nyuma. Wengine walinipungia mkono kwa kejeli. Mimi mkono wa kupunga sikuwa nao.

Kwa wiki kadhaa ikawa kama alivyosema. Pikipiki ilizima kila safari, kwenda au kurudi, na yeye akawa na vituo vyake: hapa anakaa, pale anakaa. Alichukua hata kazi ya kusuka ukili wa mikeka ya kufanya njiani. Alipata faida kuliko zamani, hilo halina ubishi, lakini mimi nilikuwa situlii kibandani. Mvua ikitanda upande wa Simbo nilikuwa nashona mshono mmoja mara mbili.

Halafu siku moja akarudi mapema kuliko kawaida. Nilimsikia akizima injini nje, akaja mpaka kwenye cherehani yangu akasimama.

"Nipe sindano yako nene kuliko zote."

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Nikampa ile ya kushonea turubai. Akatoka, nikamfuata. Akafungua kifuniko cha tenki, kile kipya, akakigeuza juu chini akanionyesha. Katikati, kwa ndani, palikuwa na kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Kilikuwa kimezibwa. Si kwa uchafu. Ni kama hakikutobolewa vizuri tangu kiwandani, kimejaa kitu kama rangi ngumu. Akaanza kukichokoa.

Akanieleza huku anachokoa. Ilikuwa imezima njiani, akiwa na madumu mawili nyuma, na akaingiwa na wasiwasi kwamba labda petroli imekwisha. Akafungua kifuniko kuchungulia. Tenki ikavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyekuwa ameshikwa mdomo. Petroli ilikuwepo tele. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka hapo hapo, bila kungoja. Mbele kidogo ikaanza tena kukohoa. Akasimama, akafungua, ikavuta pumzi, akaendelea. Alifika Ujiji kwa mtindo huo.

"Unajua dumu la mawese ukilimimina?" akaniuliza. "Likijaa, mafuta hayatoki vizuri mpaka utoboe upande wa pili hewa iingie. Kila mtoto wa Simbo anajua. Petroli inashuka, hewa haiingii, mwisho petroli inagoma. Ukikaa, hewa inapenya kidogo kidogo, nawe unadhani injini imepoa." Akapuliza kwenye kitundu, akakiangaza juani. "Na mimi nimepita nayo wiki zote hizi, nimekaa juu yake."

Hakuna fundi aliyeifumua injini. Haikuzima tena, si kwenye mpando wala kwenye tambarare.

Mimi nilifurahi bila kificho. Usiku ule nilipiga hesabu kichwani ya kile tulichokiokoa, nikamwambia kwamba Mungu ametufungulia. Yeye aliendelea kupanga vyombo.

"Tumempunja yule bwana," akasema baadaye.

"Hatukumpunja. Yeye alijua inazima, wewe ulijua inazima, mkapatana. Hakuna aliyejua la zaidi."

"Sasa tunajua."

"Bei ni makubaliano. Wewe ndiye mfanyabiashara, unanifundisha hivyo kila siku."

"Bei ni makubaliano," akakubali. "Sisemi nikarudishe hela, hela zimeshaingia kazini. Nasema ajue. Yule mtu alitwambia ukweli ambao umemgharimu. Sisi tunao ukweli ambao hautugharimu kitu, tunakaa nao?"

Jumapili akajaza dumu dogo la mawese mazuri, yale mekundu ya kwanza kukamuliwa, akalifunga nyuma, akaniambia nipande.

Tulimkuta kibarazani akitengeneza kiatu. Kazi ya bodaboda alikwishaiacha. Alikuwa amepata kazi Kibirizi, anapakia na kushusha mizigo kwenye maboti yanayokwenda vijiji vya kaskazini, na mabega yake yalikuwa yamepanuka. Alitupokea vizuri. Aliipapasa pikipiki kwenye tenki kama mtu anavyompapasa ng'ombe aliyemuuza. Mke wangu akamweleza yote, kama alivyonieleza mimi, akafungua kifuniko akamwonyesha kitundu.

Alikishika kifuniko kile kwa muda mrefu. Alikigeuzageuza. Akakipeleka mdomoni, akapuliza, akasikia pumzi yake ikitokea upande wa pili.

"Ilianza kuzima baada ya kununua hiki," akasema. Hakuwa anatueleza sisi. "Kweli. Ilikuwa wiki ile ile."

Akakipuliza tena.

"Nilikuwa na abiria wangu wa Mwandiga," akasema. "Watu wa kila siku. Mwalimu mmoja, na mama muuza samaki wa kukaanga, na wengine. Wakaanza kunikimbia. Walisema mimi ni wa kumfikisha mtu nusu ya njia. Mwalimu alikuwa wa mwisho kuondoka, alinivumilia sana." Akamrudishia mke wangu kifuniko. "Dada, bora usingeniambia."

Mke wangu akakipokea kifuniko kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nimekwishakubali kwamba ni injini," akaendelea, bila ukali wowote. "Injini ikichoka imechoka, mtu unashukuru na kuachana nayo. Sasa utaniambia nimeacha kazi yangu kwa ajili ya kitundu cha sindano."

Mama yake alitoka wakati huo. Hakujua tulichokuwa tunazungumza. Mke wangu akamwamkia kwa Kiha, akampa lile dumu la mawese. Mwanawe akaanza kusema hapana, tusijisumbue, biashara ile ilikwisha, hatudaiani kitu. Mama hakuwa na msimamo huo. Alifungua kizibo, akanusa, akamsifu mke wangu na watu wa kwao wote, akaingia nalo ndani kabla mwanawe hajamaliza sentensi. Hata yeye mwenyewe akatabasamu kidogo, ingawa tabasamu hilo halikukaa.

Tuliaga mapema. Njiani mke wangu aliendesha taratibu, na tulipofika nyumbani alikaa juu ya pikipiki iliyozimwa bila kushuka.

"Nilidhani nampelekea zawadi," akasema.

"Mawese ameyapokea mama."

"Siyo mawese."

Nilimwambia kwamba mimi ningekuwa yule bwana ningetaka kujua. Akasema hata yeye angetaka kujua, lakini pengine si siku ile, na pengine si kutoka kwa mtu anayefika akiwa amepanda pikipiki yenyewe. Hatukulizungumza tena. Nilikuwa namwona tu, tukipita Gungu, anavyoharakisha.

Ilikuwa baada ya Ramadhani, nimekaa nakata sare za shule, kivuli kikaingia kibandani. Nikainua macho nikamwona yule bwana wa Gungu, kwenye fulana yenye chumvi ya jasho, ameshika kofia mkononi. Akaniamkia. Nikamkaribisha benchi. Akakaa, akatazama vitambaa, akauliza ile cherehani ni ya mwaka gani, nikamwambia ni ya baba yangu. Tukazungumza hivyo, pembeni pembeni.

"Mzee, ile siku nilikasirika," hatimaye akasema. "Mliondoka mkiwa wanyonge, niliona. Sikuwakasirikia ninyi. Niliwakasirikia mafundi, nikamkasirikia aliyeniuzia kifuniko, nikajikasirikia mimi. Zilipita siku nyingi. Nilienda mpaka kwa yule fundi wa kabureta nikamwambia. Unajua alisema nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Kumbe!' Basi. Akaendelea na kazi." Akaanza kucheka, na kicheko kikamzidi, nami nikacheka naye mpaka nikaweka mkasi chini.

Alikuwa amekuja kwa shughuli. Mwenye boti analofanyia kazi alimruhusu kupakia mzigo wake mwenyewe kidogo, na huko vijijini, kuelekea Kagunga, walikuwa wanaulizia mawese. Yale ya dumu dogo mama yake aliwaonjesha majirani, nao wakayasifu. Alitaka kujua mke wangu anaweza kumuuzia kwa bei gani, madumu kadhaa kila wiki.

Nilimtuma mtu amwite mke wangu. Akaja akiwa na mikono yenye rangi ya chungwa mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni alipomwona. Wakasalimiana. Yule bwana akamweleza shida yake, na mke wangu akataja bei.

Nilidhani atampunguzia. Mimi ningempunguzia, kwa yote yaliyopita. Hakumpunguzia hata kidogo. Yule bwana akaomba, akataja umbali wa Kagunga, mawimbi, ushuru, madumu yanayovuja. Mke wangu akasikiliza yote akarudia bei ile ile, na akamweleza kwa nini: wanawake wa Simbo wanauza kwa kiasi gani, petroli ni kiasi gani, yeye anabaki na nini. Yule bwana akafikiri. Akaomba apewe dumu zuri, lisilo na kiraka. Hilo akapewa. Wakashikana mikono.

Tangu hapo ni mteja wetu. Siku za boti mke wangu huyashusha madumu mwenyewe hadi Kibirizi, na siku nisipokuwa na kazi nyingi huniambia nipande, nikamshikie yasicheze. Yule bwana hutoka kwenye maboti, maji yakimfika kwenye magoti, huyapokea moja moja na kuyapitisha kwa wenzake kichwani. Juzi alipomaliza alizunguka pikipiki, akapiga teke tairi la nyuma, akainama akalipapasa.

"Hili limekwisha, dada. Mvua ikinyesha litakuteleza."

"Nitabadilisha mwisho wa mwezi."

"Usinunue la sokoni. Kuna mtu Buzebazeba ana matairi mazuri, nitakupeleka. Anataka bei kubwa, lakini anaongeleka."

"Kubwa kiasi gani?" mke wangu akauliza, akakaa pembeni ya siti, tayari kwa mazungumzo marefu.